Dalili za Masikio Zinasema Nini Kuhusu Afya Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Misingi

1. Nikihisi sikio lina tatizo, nianze kujichunguza vipi?

Jiulize mambo matatu: ni sikio moja au yote mawili, limeanza ghafla au kidogo kidogo, na mwilini kuna nini kingine (homa, kizunguzungu, uso kupinda, jino bovu, dawa mpya). Masikio mawili yanayofifia polepole kwa miaka kwa kawaida ni umri, kelele au dawa. Sikio moja lililobadilika ghafla, au sikio moja lisilopona baada ya wiki tatu, ndilo la kukimbizwa kwa daktari.

Kuna vipimo viwili vya nyumbani visivyohitaji kifaa chochote. Cha kwanza: vuta sikio taratibu kwenda juu na nyuma, kisha bonyeza kile kijinundu kilicho mbele ya tundu. Maumivu yakizidi, ugonjwa uko kwenye mfereji wa nje. Yasipobadilika, uko nyuma ya ngoma ya sikio au hauko sikioni kabisa (tazama swali la 6).

Cha pili ni cha anayesikia vibaya upande mmoja. Funga mdomo uvume "mmm" kwa sauti nzito. Mvumo ukielemea sikio lisilosikia vizuri, kuna kitu kimezuia sauti njiani: nta, majimaji, ngoma iliyotoboka. Ukielemea sikio lisilo na tatizo, mashaka yanahamia kwenye sikio la ndani au neva, na hapo soma swali la 10 sasa hivi.

2. Nta nyingi ni dalili ya ugonjwa? Na rangi yake je?

Hapana. Nta hutengenezwa na tezi zilizo kwenye theluthi ya nje ya mfereji, ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi. Hunasa vumbi na kuzuia bakteria, kisha hutoka yenyewe ngozi inaposogea na taya linapotafuna. Kijiti cha pamba hutoa kidogo na kushindilia kingi. Nta ya kahawia yenye kunata ni ya kawaida kwa Waafrika wengi, na nyeusi ni iliyokaa siku nyingi tu. Zile picha za WhatsApp zinazosoma ini na figo kwa rangi ya nta hazina msingi.

Ikiziba, lala ubavu, sikio likiwa juu. Weka matone 3 hadi 5 ya mafuta ya zeituni au ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, tulia dakika 5, mara 2 kwa siku kwa siku 3 hadi 5. Siku ya kwanza sikio linaweza kuziba zaidi kwa sababu nta inavimba, usiogope. Isipotoka, iondolewe kituoni. Kama ni kwa bomba la sindano, maji yawe na joto la mwili, nyuzi 37, maana maji baridi huamsha kizunguzungu kikali hapo hapo. Asisafishwe kwa maji mwenye ngoma iliyotoboka, anayetoka usaha, wala aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio.

3. Sikio linawasha kila mara bila kuuma sana. Ni nini?

Mara nyingi ni fangasi. Sikio huwasha, huziba, na ndani huonekana utando mweupe au wa kijivu, wakati mwingine wenye vitone vyeusi. Huwapata zaidi watu wa pwani yenye unyevu, waogeleaji, na hasa waliotumia matone ya antibiotiki kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtu huongeza dawa ya bakteria na hali ikazidi: bakteria waliokuwa wakiwazuia fangasi wameuawa. Utando husafishwa kwanza na mtaalamu, kisha matone ya klotrimazoli hutumika kwa takriban wiki 2, hata kama muwasho umekwisha siku ya nne.

Fangasi wakirudi tena na tena, pima sukari. Masikio yote mawili yakiwasha pamoja na kichwa chenye mba au ngozi yenye pumu, tatizo ni la ngozi na tiba yake ni nyingine.

## Maumivu na usaha

4. Mtoto wangu anatoka usaha sikioni kwa miezi. Wazee wanasema utaisha akikua. Ni kweli?

Si kweli, na imani hii imewagharimu watoto wengi usikivu wao. Usaha uliotoka chini ya siku 14 huhesabiwa kuwa maambukizi ya ghafla. Ukifika siku 14 au zaidi ni sugu, ngoma ya sikio imetoboka, na kila mwezi unaopita unaweza kula vifupa vidogo vinavyopitisha sauti. Watoto hupatwa zaidi kwa sababu mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua kwao ni mfupi na umelala, hivyo mafua hupanda kirahisi. Moshi wa kuni na wa sigara, na kunyonya chupa akiwa amelala chali, huongeza hatari.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la usaha nalo halisikii dawa kama halijakaushwa kwanza, kwa sababu matone huelea juu ya usaha bila kufika mahali pa ugonjwa. Utaratibu ni huu:

Chukua kitambaa safi cha pamba chenye kunyonya, ukisokote kiwe utambi. Usitumie kijiti cha kiberiti, wala pamba inayoacha nyuzi. Ingiza utambi taratibu hadi ulowane, utoe, weka mwingine msafi, rudia hadi utoke mkavu. Kisha weka matone aliyoandika daktari, kwa kawaida siprofloksasini, na ubonyeze kijinundu cha mbele mara kadhaa ili dawa isukumwe ndani. Fanya hivyo mara 3 kwa siku kwa wiki 2. Wakati wa kuoga, ziba tundu kwa pamba iliyopakwa vaselini, kisha uitoe. Sikio lisikae limezibwa mchana kutwa. Mafuta ya taa, mkojo, maziwa ya mama na maji ya majani havina nafasi hapa.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio (mara nyingi sikio husukumwa mbele), shingo iliyokakamaa, kutapika na kulegea, au uso kupinda. Maambukizi yameingia kwenye mfupa au yanaelekea kwenye ubongo.

5. Aina ya usaha inaeleza nini?

Ute mwingi unaovutika na usio na harufu kali kwa kawaida hutoka sikio la kati kupitia ngoma iliyotoboka. Usaha mchache, wa miaka, unaonuka vibaya unatia shaka ya kolesteatoma, yaani ngozi iliyoota mahali isipostahili na inayotafuna mfupa polepole. Si saratani, lakini matone hayaiondoi. Tiba ni upasuaji.

Usaha usiouma, usiokoma kwa dawa za kawaida, na usikivu ulioporomoka kuliko inavyotarajiwa, humfanya daktari mzoefu afikirie kifua kikuu cha sikio, hata kama mgonjwa hakohoi. Na kwa mtoto au mtu mzima ambaye usaha hurudi kila mara, kipimo cha VVU ni sehemu ya uchunguzi wa kawaida. Akikupendekezea usichukie, kwani usaha sugu unaweza kuwa dalili ya mapema ya kinga iliyoshuka.

Majimaji maangavu kama maji, au damu, baada ya kuumia kichwa yamejibiwa kwenye swali la 16.

6. Sikio linauma, lakini daktari amechungulia akasema ni safi. Anakosea?

Huenda yuko sahihi kabisa. Sikio linagawana neva na meno, taya, mafindofindo, koo, zoloto na shingo, hivyo ubongo hupokea maumivu ya huko na kuyasoma kuwa ni ya sikio. Gego la chini lililooza ni mkosaji wa mara kwa mara. Mwingine ni kiungo cha taya: weka vidole mbele ya masikio, fungua na kufunga mdomo. Kikitoa mlio na kuuma, hasa asubuhi kwa mtu anayesaga meno usiku, umepata chanzo. Baada ya kutolewa mafindofindo, maumivu ya sikio kwa siku kadhaa ni ya kawaida.

Linalohitaji uzito ni hili: mtu mzima, hasa mvutaji sigara au mnywaji wa pombe, mwenye maumivu ya sikio moja kwa zaidi ya wiki tatu, sikio likiwa safi, na pamoja nayo sauti imekwaruza, kumeza kunauma, au kuna uvimbe shingoni. Huyo anatakiwa kuangaliwa koo na zoloto kwa kamera, maana saratani ya huko hujitangaza hivyo. Kumpa matone ya sikio ni kupoteza miezi.

7. Nina kisukari. Maumivu ya sikio kwangu yana tofauti?

Ndiyo, na kubwa. Maambukizi ya mfereji ambayo kwa mwingine huisha kwa wiki, kwa mwenye kisukari, hasa mzee, yanaweza kupenya hadi mfupa wa chini ya fuvu. Dalili yake ni maumivu makali yanayomwamsha mtu usiku, yasiyolingana na kinachoonekana, usaha usiokoma, na kinyama chekundu kinachoota ndani ya mfereji. Uso ukianza kupinda, ugonjwa umeshafika kwenye neva. Tiba ni antibiotiki maalumu kwa wiki nyingi pamoja na kudhibiti sukari. Usikubali kuzungushwa na matone ya dukani zaidi ya wiki moja.

## Mlio na kupungua kwa usikivu

8. Masikio yanalia "nziii". Ni presha?

Kwa kawaida siyo. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo mlio si kipimo chake, na kutokuwepo kwa mlio si uthibitisho kwamba uko salama. Pima kwa mashine.

Mlio mwembamba wa masikio yote mawili kwa kawaida hufuatana na usikivu uliopungua, hata kama mwenyewe hajautambua. Visababishi vikuu ni umri, kelele, nta na dawa (swali la 11). Kuhusu kelele, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua nusu. Desibeli 90 zinakuachia saa 4 tu kwa wiki. Mwenye mashine ya kusaga unga, fundi wa gereji ya kunyoosha bodi na kijana anayelala na spika za masikioni wote wanavuka hapo bila kujua. Masikio yakilia jioni baada ya kazi kisha yakanyamaza asubuhi, hilo ni onyo. Vaa vizibo vya masikio kabla mlio haujawa wa kudumu.

Mlio wa sikio moja tu, usiokoma, unahitaji kipimo cha usikivu, na pengine picha ya MRI kutafuta uvimbe kwenye neva. Mara nyingi haukutwi, lakini hauwezi kukanushwa kwa kuchungulia.

9. Mimi sisikii mlio, nasikia mapigo: dup, dup, dup.

Shika mshipa wa kifundo cha mkono huku ukisikiliza. Vikienda sawa, unasikia damu yako mwenyewe, na hapo mwili unaweza kuwa na la kusema. Anza na vipimo rahisi: wingi wa damu (upungufu wa damu hufanya damu iende kasi, na ni wa kawaida kwa wajawazito), homoni za tezi la shingo, na presha. Msichana au mama kijana mwenye uzito mkubwa, anayesikia mapigo, anaumwa kichwa na macho yanafifia anapoinama, aangaliwe nyuma ya macho haraka, kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu linaweza kuharibu uoni. Mapigo ya upande mmoja tu yanahitaji picha ya mishipa.

10. Nimeamka sikio moja halisikii kabisa, haliumi. Nisubiri?

Usisubiri hata siku moja ya ziada. Nta inaweza kufanya hivyo, hasa baada ya kuoga au kuogelea, na kuchungulia kwa dakika moja kutaonyesha. Sikio likiwa safi, hii ni dharura: usikivu wa neva uliopotea ndani ya siku 3. Tiba yake ni vidonge vya steroidi (prednisoloni), na hufaa zaidi vikianzwa siku za mwanzo. Baada ya wiki 2 nafasi hupungua sana. Kosa linalotokea sana vituoni ni kumwambia mgonjwa "ni mafua, litazibuka". Ule mvumo wa swali la 1 ndio unaotenganisha mambo haya mawili.

Mwenye seli mundu aliyepoteza usikivu ghafla aseme hali yake mapema, kwani mshipa mdogo wa sikio la ndani unaweza kuwa umeziba. Kaswende na VVU navyo hupimwa.

11. Dawa gani huharibu masikio?

Zinazoharibu moja kwa moja ni sindano za kundi la streptomaisini, kanamaisini, amikasini na jentamaisini, pamoja na dawa ya saratani ya sisplatini. Huua seli zenye vinyweleo za sikio la ndani, na seli hizo hazioti tena. Sauti nyembamba hupotea kwanza, kwa hiyo mgonjwa huendelea kuzungumza vizuri huku hasikii tena ndege wala simu inayolia chumba cha pili. Kwa sababu hiyo, tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeelekeza tiba ya kifua kikuu sugu itegemee vidonge badala ya sindano. Matone ya jentamaisini nayo yana hatari hiyo kwenye ngoma iliyotoboka.

Kwinini na aspirini nyingi huleta mlio na uziwi ambao kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Furosemidi ya haraka kwenye mshipa, hasa kwa mwenye figo dhaifu, huongeza madhara ya sindano zile. Usikatize dawa mwenyewe. Mwambie muuguzi siku ile ile unapoanza kusikia mlio au kuyumba, ili upimwe usikivu na dozi iangaliwe.

12. Mimi ni mtu mzima, nimeambiwa sikio moja lina majimaji nyuma ya ngoma. Mbona sina mafua?

Swali zuri, na ulipeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa mtoto majimaji ni jambo la kila siku. Kwa mtu mzima, upande mmoja, bila mafua, lazima nyuma ya pua paangaliwe kwa kamera, maana uvimbe unaweza kuwa umeziba mdomo wa mrija ule wa swali la 4. Saratani ya nyuma ya pua inajulikana zaidi kusini mwa China, lakini iko pia Afrika Kaskazini na Afrika Mashariki, na huwapata hata vijana. Uvimbe shingoni usiouma na damu kidogo puani ni wenzake.

## Kizunguzungu na uso kupinda

13. Nikigeuka kitandani nyumba yote inazunguka. Ni malaria au presha?

Pengine si lolote kati ya hayo. Muda ndio hutoa jibu. Sekunde chache, chini ya dakika moja, kila unapogeuza kichwa: ni chembe za chokaa zilizohama ndani ya sikio la ndani. Dakika 20 hadi saa kadhaa, pamoja na mlio, sikio kujaa na usikivu kushuka: ugonjwa wa Menière. Siku nzima bila kukoma, usikivu ukiwa mzima: neva ya usawa imevimba. Kizunguzungu chenye kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, mkono kulegea au kushindwa kabisa kusimama ni kiharusi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Chembe hurudishwa mahali pake bila dawa. Kama upande unaozungusha ni wa kulia: kaa kitandani, geuza kichwa nyuzi 45 kulia, lala haraka chali huku kichwa kikining'inia kidogo nyuma ya mto uliowekwa chini ya mabega. Subiri sekunde 30 hadi kizunguzungu kiishe. Geuza kichwa kushoto nyuzi 90, subiri tena. Viringika mwili mzima uegemee bega la kushoto, pua ikiangalia sakafu, subiri. Kaa taratibu. Kwa upande wa kushoto geuza maelekezo. Mwenye ugonjwa wa shingo asijaribu peke yake.

14. Sikio linauma sana, kumetoka malengelenge, na uso umepinda.

Huo ni mkanda wa jeshi uliopanda kwenye neva ya uso. Asikloviri na prednisoloni hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku 3. Linda jicho lisilofumba kwa matone na plasta usiku. Wengi hukaa wiki nzima wakitafuta aliyewarushia jini au "upepo mbaya", na siku 3 zinapita. Kwa kijana mwenye mkanda wa jeshi, kipimo cha VVU kinafaa.

## Sikio la nje

15. Alama kwenye ndewe na gegedu zina maana?

Baadhi. Mstari wa mshazari kwenye ndewe ulihusishwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo katika barua ya daktari Sanders Frank ya mwaka 1973. Ni dalili dhaifu, huongezeka na umri, na haipaswi kumnyima mtu usingizi. Ndewe zilizonenepa, zenye vinundu, pamoja na mabaka yasiyohisi, zinaelekeza kwenye ukoma. Ndiyo maana sampuli ya ngozi kwa ajili ya ukoma huchukuliwa ndewe pia.

Sikio jekundu lililovimba lote hadi ndewe ni ngozi iliyoambukizwa. Likivimba juu huku ndewe ikibaki nzima, ni gegedu, kwa kuwa ndewe haina gegedu. Likitokea baada ya kutoga juu ya sikio, wahi antibiotiki kabla sikio halijakunjamana. Uvimbe mgumu unaokua mahali palipotogwa ni keloidi. Kukata peke yake huirudisha ikiwa kubwa zaidi, hivyo hufuatana na sindano za steroidi au hereni za kubana. Kitundu kidogo cha kuzaliwa mbele ya sikio kwa kawaida hakina neno, ila kikitoa usaha kionyeshwe.

## Matukio ya ghafla na watoto

16. Kofi au ajali: lini niogope?

Kofi la sikio linaweza kupasua ngoma. Huuma, hutoa damu kidogo, na mlio. Ngoma nyingi huziba zenyewe ndani ya wiki 6 hadi 8 kwa masharti mawili: maji yasiingie, na usiweke matone yoyote usiyoandikiwa. Lakini majimaji maangavu kama maji yanayochuruzika baada ya kuumia kichwa, au michubuko nyuma ya sikio, ni ishara ya fuvu kupasuka. Usizibe sikio kwa pamba, peleka hospitali.

17. Kitu kimeingia sikioni.

Mdudu hai: ua kwanza kwa matone ya mafuta ya kula yenye joto la mwili, kisha aondolewe kituoni. Isipokuwa ngoma imetoboka. Mharage, punje ya mahindi au mbegu: usitie maji wala mafuta, inavimba na kujikaza. Betri ya kifungo, ile ya saa na rimoti: hii huchoma ndani ya saa chache, na kimiminika chochote huiongezea kasi. Ikimbizwe. Kibano mikononi mwa mtu asiye na mwanga wa kutosha ndicho hugeuza tatizo dogo kuwa ngoma iliyopasuka.

18. Mtoto ana miaka 2 na haongei. Tumkate udata?

Mpime masikio kwanza. Miezi 6 anapaswa kugeukia sauti, mwaka 1 kuitikia jina, miaka 2 kuunganisha maneno mawili. Kukata udata hakumsaidii mtoto asiyesikia. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano makali, aliyechomwa jentamaisini siku nyingi wodini, au ambaye mama alipata rubela mimba ikiwa changa.

Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu ndani ya wiki 4 baada ya kutoka hospitali, hata akionekana mzima, kwa sababu sikio la ndani linaweza kujaa mfupa na kufunga njia ya kupandikiza kifaa cha usikivu. Huduma hiyo ya kupandikiza ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili, Tanzania, mwaka 2017. Matumbwitumbwi nayo huweza kuua usikivu wa sikio moja kimya kimya. Mjaribu kwa kunong'ona jina lake upande mmoja, huku umesugua kidole mbele ya sikio la pili ili lisisaidie.